Kisu kinachofinyanga uso

Ukiteremka kutoka Tukuyu kwenda Kyela na kufika ufukweni Matema, utawakuta akina mama wa Kikisi na vyungu vyao. Mfinyanzi huukanda udongo, akauvuta hapa, akaubonyeza pale, mpaka sura itoke. Wagiriki wa kale walikuwa na neno lao la kazi hiyo ya kufinyanga, na kutokana na neno hilo madaktari wakapata jina la upasuaji wa plastiki. Nalieleza jambo hili mapema kwa sababu mwezi uliopita, pale Tukuyu, binamu yangu aliniuliza kwa hofu kama kweli watamshonea nailoni machoni.

Binamu huyo amekusanya fedha za maparachichi kwa misimu miwili. Ameona picha kwenye simu, na sasa ameamua kwenda mjini kukatwa ngozi ya kope zilizoshuka. "Kaka," akaniambia, "siku hizi watu wananidhania mama wa mume wangu." Tulicheka. Kwenye kona ya sebule alikuwa ameketi mjomba, ambaye alipokuwa mtoto wa miaka mitatu aliangukia motoni. Mnaijua baridi ya Rungwe mwezi wa Juni na Julai, na jinsi watoto wanavyosogelea mafiga. Kovu liliivuta kope yake ya chini, na tangu hapo, zaidi ya miaka sitini sasa, jicho lile halijafumba. Hulala amejifunika kitambaa usoni. Tulizungumza habari za kope saa nzima, na hakuna hata mmoja wetu, mimi nikiwemo, aliyegeuka kumtazama yeye.

Kazi hii ni ya zamani mno. Tabibu Sushruta wa Bara Hindi aliandika jinsi ya kutengeneza pua iliyokatwa. Al-Zahrawi wa Cordoba, aliyefariki mwaka 1013, alieleza namna ya kutibu kope zilizolegea au kugeuka. Mwaka 1794 gazeti moja la London lilichapisha habari za mwendesha maksai wa Kihindi aliyekatwa pua vitani, akatengenezewa nyingine kwa ngozi ya paji la uso. Aliyemtengenezea alikuwa fundi wa ukoo wa wafyatua matofali. Daktari Carpue wa London alisoma habari hiyo, na ilipofika mwaka 1814 akajaribu mwenyewe. Wazungu, kwa maneno mengine, walijifunza kwa fundi wa matofali.

Lakini kilichoikuza kazi hii kweli kweli ni vita. Mwishoni mwa Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey, yaliyovuka mpaka kutoka kusini, yaliiteka Neu Langenburg, ndiyo Tukuyu yetu ya leo. Siku hizo hizo, tarehe 31 Mei, manowari za Kiingereza na za Kijerumani zilipambana katika bahari ya kaskazini ya Ulaya, mapigano yanayoitwa ya Jutland. Baharia mmoja, Walter Yeo, aliungua uso akapoteza kope zote, za juu na za chini. Mwaka 1917 daktari Harold Gillies, mzaliwa wa New Zealand, alimfunika sehemu ile kwa ngozi iliyotoka kifuani, ikiwa bado imeshikana na mwili ili damu iendelee kupita. Katika hospitali yake ya Sidcup walitibiwa zaidi ya askari 5,000. Vioo vilipigwa marufuku wodini, na barabarani viliwekwa mabenchi ya rangi ya buluu ili wapita njia wajue kwamba atakayeketi hapo uso wake unatisha. Wapagazi waliobeba mizigo ya vita ile katika milima yetu hawakuwa na Sidcup yao.

Gillies alikuwa na ndugu yake, Archibald McIndoe, ambaye katika Vita vya Pili aliwatibu marubani walioungua nyuso. Na hapa hadithi inarudi kwetu. McIndoe, Michael Wood aliyejifunza kwake, na Mmarekani Tom Rees, walikutana huko shambani kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na mwaka 1957 wakaanzisha shirika la madaktari wanaoruka kwa ndege, tunalolijua kwa jina la AMREF. Wote watatu walikuwa wapasuaji wa plastiki. Rees huyo huyo alijulikana sana New York kwa kuwakaza nyuso matajiri. Mkono ni ule ule mmoja.

Na hapa kwetu? Upasuaji wa kope uliookoa macho mengi zaidi haukuwa wa urembo. Kongwa, mkoani Dodoma, na kwingineko penye ukame na vumbi, ugonjwa wa trakoma huikunja kope kwa ndani mpaka nywele zake zikakwaruza mboni. Muuguzi aliyefunzwa huigeuza kope kwa ganzi, kazi ya muda mfupi tu. Hata hivyo nywele zaweza kurudi, na mgonjwa huambiwa hivyo.

Binamu yangu naye nilitaka aambiwe hivyo hivyo. Kwa kope za juu, hukatwa ngozi iliyozidi kwenye mkunjo, kwa ganzi, na nyuzi hutolewa baada ya wiki moja hivi. Uso utavimba na kuwa na weusi wa damu wiki moja hadi mbili, na kovu litachukua miezi kufifia. Akikatwa ngozi nyingi mno, jicho halitafumba na litakauka. Damu ikivuja nyuma ya jicho, maumivu yakawa makali na kuona kukafifia, arudi hospitali saa ile ile, asingoje asubuhi, maana anaweza kupofuka. Na kope iliyoshuka kwa ugonjwa wa msuli au wa neva haiponi kwa kupunguza ngozi. Kuhusu kukaza uso mzima, mikato hupita mbele na nyuma ya masikio, na sisi wenye ngozi nyeusi makovu yetu hapo mara nyingine huvimba yakawa uvimbe mgumu. Nao uzee haukomi, huendelea na safari yake.

Alinisikiliza, akauliza kama kuna njia ya bei nafuu. Nikamwambia ya bei nafuu ndiyo niiogopayo.

Kisha mjomba akakohoa. Akataka kujua kama kazi hiyo inafanywa hata kwa wazee. Nilimweleza kwamba kovu hukatwa kope ikalegea, pakawekwa kiraka cha ngozi, aghalabu ya nyuma ya sikio. Kwamba rangi yaweza kutofautiana kidogo, kiraka chaweza kunywea kikahitaji kurudiwa, na jicho hufungwa kwa siku kadhaa. Jumatatu yake tulikwenda Makandana, tukatoka na barua ya rufaa ya kwenda Mbeya. Nauli aliitoa binamu, katika zile fedha za maparachichi. Njiani mjomba aliniuliza jambo moja tu: jicho likishafumba, je, kitambaa chake cha usiku akitupe, au akitunze kwanza?