Majina ya Nairobi na Kisiwa cha Joto

Jina la mahali huweza kudumu baada ya kutoweka hali iliyolizaa. Yatazamwe majina mawili ya Nairobi. Lile la mji wenyewe latokana na maneno ya Kimaasai, *enkare nairobi*, yaani maji ya baridi. La pili, Kibera, latokana na neno *kibra* la Kinubi, maana yake msitu. Ndivyo walivyopaita askari wenye asili ya Sudan waliokaa huko mwanzoni mwa karne ya 20. Basi moja lashuhudia baridi, na la pili lashuhudia miti.

Kwamba mji huwa na joto kuliko mashamba yaliyouzunguka lilikwisha kujulikana zamani. Mwingereza Luke Howard alipima huko London mwanzoni mwa karne ya 19, akaona usiku wa mjini wazidi ule wa shamba kwa kadiri ya digrii 2 za Selsiasi. Miti hutia kivuli, tena huvuta maji ardhini na kuyatoa majanini yakiwa mvuke, na kazi hiyo hula joto. Ikifyekwa, mawe, saruji na lami hunywa joto la jua mchana kutwa, kisha hulitema usiku. Hali hii wataalamu huiita kisiwa cha joto.

Nairobi ilianza kukua reli ilipofika mwaka 1899, na ardhi ikagawanywa kwa rangi za watu. Wazungu walikaa magharibi na kaskazini, katika viwanja vipana vyenye miti. Waafrika wakasongamana upande wa mashariki, katika mitaa kama Pumwani, iliyoanzishwa miaka ya 1920. Hivyo kivuli nacho kiligawanywa pamoja na ardhi.

Msitu wa Karura, ulio kaskazini, ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932. Sehemu zake zilipogawiwa wajenzi katika miaka ya 1990, Wangari Maathai na wenzake waliupigania. Januari 1999 walipigwa walipokwenda kupanda miti. Msitu ukaokoka, nao wazidi hekta 1,000.

Ule wa Kibra haukuokoka. Watu waliokosa mahali pengine pa kukaa walijenga palipokuwa na miti, na leo jua lapiga juu ya mabati. Kwa hiyo haitoshi kuhimiza watu wapande miti. Yapasa kwanza kuuliza ni nani aliyepewa nafasi ya kuipanda.