Basi la Clarendon: Nani Alipie Safari ya Mtoto Kwenda Shuleni?



Tunapozungumzia haki ya elimu, fikra zetu huenda haraka kwenye madarasa, vitabu na walimu. Ni nadra kuikumbuka njia inayomfikisha mtoto darasani, ilhali shule isiyofikika haina tofauti kubwa na shule isiyokuwepo. Makala haya yanakuletea historia ya kaunti ya Clarendon, jimbo la South Carolina nchini Marekani, ambako wazazi waliomba basi moja tu la shule. Ifuate kwa makini hoja ya kodi, kwani ndiyo kiini cha mgogoro huo.

Tuanze na sheria. Mwaka 1869 jimbo la Massachusetts liliiruhusu miji yake kutumia fedha za umma kuwasafirisha wanafunzi, ambao zama hizo walibebwa kwa magari ya kukokotwa na farasi. Kufikia mwaka 1919, majimbo yote 48 ya wakati huo yalikuwa na sheria za namna hiyo. Kusafirisha watoto kulikuwa kumekubaliwa kuwa sehemu ya kuendesha shule.

Hata hivyo, sheria kuruhusu ni jambo moja, na viongozi kutenda kwa usawa ni jambo jingine. Katika majimbo ya Kusini, watoto Weusi na Weupe walitenganishwa shuleni kwa mujibu wa sheria. Mwaka 1896, katika kesi iliyohusu mabehewa ya treni, Mahakama ya Juu ilikuwa imeukubali utengano kwa sharti kwamba huduma ziwe sawa. Usawa huo haukuonekana Clarendon. Katika miaka ya 1940, mabasi 30 yaliwabeba watoto Weupe. Watoto Weusi, ambao walikuwa wengi zaidi, hawakuwa na hata moja. Baadhi yao shule yao ilikuwa umbali wa kilomita 14 hivi.

Wazazi Weusi walichanga fedha, wakanunua basi kuukuu. Liliharibika mara kwa mara, na gharama za mafuta na matengenezo zikawalemea. Mchungaji Joseph DeLaine, ambaye pia alikuwa mwalimu, akawaomba viongozi wa shule msaada. Wakakataa. Hoja yao ilikuwa kwamba Weusi hawakulipa kodi ya kutosha, hivyo isingekuwa haki kuwatwika Weupe mzigo huo.

Itafakari hoja hiyo. Weusi wengi wa Clarendon walilima mashamba yasiyo yao, na asiye na mali hutozwa kodi ndogo ya mali. Umaskini uliotokana na dhuluma ya vizazi ukafanywa sababu ya kuwanyima watoto njia ya kuondokana nao. Zaidi ya hayo, fedha za umma si bidhaa ya dukani ambayo kila mtu hupimiwa kwa kadiri ya alichotoa. Wenye kingi na wenye kichache hutia katika mfuko mmoja, na mtoto, ambaye hajatia chochote, ana haki ya kuhudumiwa kutoka humo.

Levi Pearson, mkulima aliyemiliki shamba lake, alikubali jina lake litumike kudai basi. Mwaka 1947 ombi rasmi liliwasilishwa, na mwaka uliofuata shauri likafika mahakamani kwa msaada wa mawakili Harold Boulware na Thurgood Marshall. Likatupwa. Shamba la Pearson lilikuwa mpakani, na ilielezwa kwamba kodi yake aliilipa katika eneo tofauti na lile la shule ya watoto wake. Hapo ndipo penye kinaya: wazazi waliambiwa kwanza kwamba kodi yao ni ndogo mno, mlipa kodi alipojitokeza, akaambiwa amelipia mahali pasipostahili. Pearson akanyimwa hata mikopo ya kilimo.

Wenzake hawakurudi nyuma. Mwaka 1949 watu zaidi ya 100 walitia saini ombi jipya, wakidai usawa katika elimu yote, si basi pekee. Jina la kwanza lilikuwa la Harry Briggs, mfanyakazi wa kituo cha mafuta. Yeye na mkewe, Eliza, walifukuzwa kazi. Kesi yao ikapanuliwa hadi kuupinga utengano wenyewe. Mwaka 1951 majaji wawili kati ya watatu waliikataa. Wa tatu, Waties Waring, akatoa hukumu pinzani. Kesi hiyo iliunganishwa na nyingine katika Mahakama ya Juu, na tarehe 17 Mei 1954 majaji wote 9 wakaamua kwamba utengano katika shule za umma unakiuka katiba.

Gharama ilikuwa kubwa. Mwaka 1955 kanisa la DeLaine lilichomwa moto, naye akalazimika kulihama jimbo. Bunge la Marekani lilikuja kumtunukia yeye, Pearson, Harry na Eliza Briggs nishani ya dhahabu, wote wakiwa wamekwisha kufariki.

Basi, usikiapo mjadala kuhusu usafiri wa wanafunzi, sikiliza swali linaloulizwa kwanza. Likiwa ni “Mzazi wake amelipa kiasi gani?”, kumbuka Clarendon. Raia mwema huanza na swali jingine: “Mtoto huyu atafikaje shuleni?”

Maswali ya kujadili
1. Eleza namna hoja ya kodi ilivyotumiwa mara mbili dhidi ya wazazi wa Clarendon.
2. Je, ni haki asiye na mtoto kuchangia usafiri wa watoto wa wengine? Tetea jibu lako.
3. Tunga sentensi ukitumia maneno haya: *utengano*, *kinaya*, *fedha za umma*.