Sosholojia si ustawi wa jamii

Mwanachuo akisema anasoma sosholojia, wengi hudhani atakuwa afisa ustawi wa jamii. Tuyatenganishe. Ustawi wa jamii ni kazi ya kuhudumia watu: watoto, wazee, familia zenye migogoro. Sosholojia ni taaluma inayochunguza jinsi watu wanavyoishi pamoja, na kwa nini.

Jina hilo lilienezwa na Mfaransa Auguste Comte mwaka 1839, akiunganisha neno la Kilatini lenye maana ya mwenzi na la Kigiriki lenye maana ya elimu. Sisi tuna pia elimujamii, neno linaloeleweka bila kamusi.

Katika shahada ya kwanza, mwanafunzi huanza na nadharia na mbinu za utafiti, kisha matawi: sosholojia ya familia, dini, elimu, afya, uhalifu, miji na vijiji. Sosholojia ya afya, kwa mfano, haitibu malaria. Huuliza kwa nini mgonjwa alichelewa kwenda zahanati.

Wahariri, msiandike “mtaalamu wa jamii” kwa wote wawili, afisa ustawi wa jamii na mwanasosholojia. Mwanasosholojia aitwe mwanasosholojia.