Konsoli ya siriali ya XO-1

Konsoli ya siriali ya XO-1 ni njia ya kuwasiliana kwa maandishi na kompyuta mpakato ndogo ya XO-1 kupitia nyaya zinazopitisha data biti moja baada ya nyingine. XO-1 ilibuniwa na mradi wa One Laptop per Child wa Marekani kwa ajili ya watoto wa shule, na uzalishaji wake kwa wingi ulianza mwishoni mwa 2007. Rwanda ni miongoni mwa nchi zilizoipokea.

Kwa nje mashine haina tundu la siriali. Kiungo chake kimo kwenye ubao mama, ambao katika XO-1 uko nyuma ya kioo, si chini ya kibodi, hivyo fundi hufungua upande wa kioo. Nyaya 3 zinatosha: ya kutuma, ya kupokea na ya ardhi. Waya wa kutuma wa upande mmoja huungwa na wa kupokea wa upande wa pili. Volti ni 3.3, na hapo ndipo penye hatari: kiwango cha RS-232 cha kompyuta za mezani za zamani huruhusu hadi volti 15, chanya na hasi, ambazo zinaweza kuunguza saketi. Kwa hiyo hutumika adapta ya USB ya volti 3.3, mwendo ukiwekwa biti 115,200 kwa sekunde.

Konsoli huonyesha ujumbe wa Open Firmware, programu inayoanzisha mashine, na wa kerneli ya Linux, kiini cha mfumo endeshi, hata kioo kikiwa kimeharibika. Mwanafunzi darasani haihitaji. Ni zana ya fundi na mwandishi wa programu.