Kalamu ya Mpingo na Wino Uliokwenda na Maji



Mwaka juzi, wakati wa masika, paa la nyumba ya wazee wetu hapa Kilwa Kivinje lilivuja usiku kucha. Asubuhi niliukuta mkoba wa ngozi unaohifadhi maandishi ya ukoo umelowa chapachapa. Ndani yake mlikuwa na karatasi 12 za babu, zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu, na daftari la mashairi ya marehemu baba, lililoandikwa kwa hati ya Kilatini. Nilivianika vyote kivulini. Vilipokauka, karatasi za babu zilikuwa zimechafuka pembeni, lakini zilisomeka. Kurasa za baba zilikuwa mawingu ya samawati. Katika mashairi yake 34, niliweza kuyasoma kwa ukamilifu 9 tu.

Nimefundisha Kiswahili na historia katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka 30, na sijui ni mara ngapi nimewaeleza wanafunzi methali isemayo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sikuwahi kufikiri kwamba daftari lenyewe laweza kusalia na mali ikapotea. Kwa nini maandishi ya mzee aliyetangulia yalidumu, na ya mwanawe yakaenda na maji? Jibu sikulipata vitabuni. Nililipata katika karakana ya seremala, nilipoanza kuchonga kalamu.

Tuanze na neno lenyewe. Kalamu tumeipokea kutoka Kiarabu, na neno hilo la Kiarabu ni jamaa wa neno la Kiyunani *kalamos*, lenye maana ya tete. Kwa asili yake, basi, kalamu ni mmea uotao penye maji. Katika chuo cha Kurani nilikosoma utotoni, mwalimu wetu alikuwa bado anazo kalamu za namna hiyo. Alilichagua tete lililokomaa na kukauka, akalikata ncha kwa mshazari, akaipasua ncha hiyo katikati kwa wembe ili wino upate njia ya kushuka, kisha akaikata tena ili kupata upana autakao. Mkato huu wa mwisho ndio uliokuwa na siri ya kazi yote. Upana wa ncha ndio uamuao unene wa mstari. Wanahati wa Kiarabu, tangu zama za Ibn Muqla wa Baghdad, aliyefariki mwaka 940, wameipima herufi kwa nukta iandikwayo na kalamu ileile. Mwandishi aliyekata ncha vibaya aliharibu kipimo cha ukurasa mzima kabla hajaandika neno.

Wino nao ulitengenezwa nyumbani. Babu, kwa maelezo ya baba, alikusanya masizi ya taa, akayasaga hadi yakawa laini, akayachanganya na maji pamoja na gundi itokayo katika mgunga. Wino huo ulikaa katika kidau, na kila baada ya maneno machache kalamu ilirudi kuchovya.

Kwa hati ya Kiarabu Waswahili waliandika mambo yao kwa karne nyingi. Sisi watu wa Kilwa tuna sababu ya kulikumbuka hilo, kwani miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kiswahili yaliyosalia ni barua zilizotoka Kilwa mwanzoni mwa karne ya 18, mojawapo ikiwa ya Malkia Fatima ya mwaka 1711. Barua hizo zimehifadhiwa Goa, nchini India, palipokuwa makao makuu ya Wareno upande huu wa dunia. Karatasi hizo zimevuka bahari, zimepita joto na unyevu wa karne tatu, na zingali zinasomwa.

Mazoea hayo ya kazi yanatusaidia pia kuusoma ushairi wetu. Tunapofundisha tendi, huwa tunawaambia wanafunzi kwamba ni desturi ya mtunzi kuagiza wino na karatasi katika beti za mwanzo. Mwana Kupona, katika utendi wake wa mwaka 1858, anamwita binti yake asogee na vitu hivyo. Nami nilikuwa nikiipita desturi hiyo haraka, kana kwamba ni pambo la kufungulia shughuli. Sasa nasoma kwa jicho jingine. Mama yule alikuwa mgonjwa, na vitu alivyoviagiza havikuwa vikiokotwa mezani. Karatasi ilinunuliwa kwa wafanyabiashara, na wino ulitaka masizi, gundi na muda. Kuviagiza kulikuwa ni kuianza kazi yenyewe.

Wapo waliounganisha ufundi wa mti na ufundi wa hati katika mkono mmoja. Mfano mkubwa ni Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945. Huyu alikuwa malenga, mchonga milango na mnakili wa miswada. Miswada mingi aliyowaandikia wataalamu wa Ulaya ingali imehifadhiwa, mingine katika maktaba ya SOAS huko London. Sidhani kuwa ni ajabu kwamba aliyeweza kuingiza patasi katika mlango bila kukosea ndiye aliyeweza kuinyoosha alifu juu ya karatasi.

Mabadiliko yalipokuja, yalikuja mawili kwa pamoja. Shule za wamisionari na za serikali za kikoloni zilileta hati ya Kilatini, na pamoja nayo zikaleta nibu ya chuma, iliyokuwa ikitengenezwa kwa wingi viwandani, hasa Birmingham, Uingereza, katika karne ya 19. Nilipoingia shule ya msingi katika miaka ya 1960, madawati yetu yalikuwa bado na matundu ya kuwekea vidau, na vidole vyetu vilirudi nyumbani vimetapakaa wino. Nibu hatukuikata wenyewe. Ikichakaa, tulipewa nyingine. Hapo ndipo mwandishi alipoacha kuwa fundi wa chombo chake.

Baba yeye alikuwa na kalamu ya wino, ile ibebayo wino tumboni mwake, na aliivaa mfukoni mwa shati siku zote. Watu walikuwa wamejaribu kutengeneza kalamu ya aina hiyo kwa muda mrefu, na tatizo kubwa lilikuwa hewa. Wino ukitoka, ni lazima hewa iingie kushika nafasi yake. Hewa ikikosa njia, wino hukwama. Ikiingia ovyo, wino humwagika. Lewis Waterman wa New York alipata hataza mwaka 1884 kwa kipande kikaacho chini ya nibu, chenye mfereji na nyufa nyembamba, ambamo wino hushuka kidogo kidogo na hewa ikapanda kidogo kidogo. Kalamu za wino za leo zingali zinafuata kanuni hiyo.

Nilitaka kulielewa jambo hili kwa mikono. Nikaenda kwa seremala mmoja wa mtaani kwetu, niliyemfundisha alipokuwa kidato cha pili. Alinipa kipande cha mpingo chenye urefu wa shubiri moja, salio la mchonga vinyago. Mpingo ni mti wetu wa kusini. Huchukua miongo mingi kukua, na kiini chake cheusi ni kizito hata huzama majini. Ulaya huutumia kutengenezea ala za kupuliza kama vile klarineti. Nilitaka tuanze siku ileile. Akacheka, akaniambia, "Mwalimu, mti huu hautaki haraka." Tukazipaka ncha zake nta ili usipasuke, tukauacha ukauke kwa miezi sita.

Siku ya kazi tuliukata kwa msumeno vipande viwili, kimoja cha mwili na kimoja cha kifuniko. Tukakibana cha kwanza kwenye jiliwa, nikashika keke. Mpingo ukitobolewa bila kupumzishwa hupata moto na kupasuka, nami nilijifunza hilo kwa hasara: kipande cha kwanza kilinipasukia mkononi. Kwa cha pili nilitoboa kidogo, nikaitoa keke, nikapuliza vumbi, nikangoja. Vumbi lake huwasha pua, hivyo tulijifunga vitambaa. Ndani ya tundu tuligundisha bomba jembamba la shaba ili wino usiuguse mti. Kisha fundi aliniachia mashine ya kukerezea, akasimama nyuma yangu kama nilivyokuwa nikisimama nyuma ya dawati lake. Msasa wa mwisho ulipopita, ule weusi ulimeta bila rangi wala vanishi. Nibu, kile kipande cha chini yake na kichupa cha ndani cha wino tulivinunua, kwa kuwa hivyo havichongwi kwa patasi.

Kalamu ilipokamilika, nilifanya jambo la kitoto. Nilitengeneza wino wa masizi kwa maelezo niliyorithi, nikaijaza. Iliandika mistari mizuri siku ya kwanza. Siku ya tatu ilikuwa imeziba kabisa, na ilinichukua jioni nzima kuiosha.

Hapo jibu langu likapatikana. Wino wa babu ni chembe ngumu za masizi zilizoshikizwa kwa gundi. Maji huweza kuilegeza gundi na kuuchafua ukurasa, lakini chembe nyingi hubaki zimejikita katika nyuzi za karatasi. Chembe hizohizo huziba njia nyembamba za kalamu ya wino. Ndiyo sababu kalamu hiyo ilitafutiwa wino mwepesi, na wino wa samawati aliouzoea baba ulikuwa rangi iliyoyeyushwa majini tu. Maji yalipoufikia tena, ukayeyuka tena, ukaondoka. Kwa miezi mingi nilikuwa nimemlaumu baba kimoyomoyo kwa kutojali. Sasa najua kwamba hakukosea. Alipewa chombo kilichomwondolea taabu ya kuchovya, na hakuna aliyemwambia gharama yake.

Siku hizi upo wino wenye chembe laini mno, uliokusudiwa kalamu hizi, mradi kalamu isiachwe ikauka na ioshwe mara kwa mara. Huo ndio niliouweka katika kalamu ya mpingo, nami huiosha kila Ijumaa. Kwa kalamu hiyo nimeyanakili mashairi 9 yaliyosalia, na sasa ninanakili vipande vya yale 25. Rafiki yangu mmoja, mshairi, amenishauri niyajaze mapengo, kwa kuwa mizani naijua na vina ninaviona. Ni kweli kwamba kina huniambia neno lililopotea liliishia kwa silabi gani. Lakini silabi moja si neno, na neno langu si la baba. Penye pengo naweka nukta, moja kwa kila mizani iliyopotea, ili msomaji ajue ukubwa wa kilichokosekana.

Ombi langu kwako, msomaji, ni dogo. Kama nyumbani kwenu lipo daftari la mzee lililoandikwa kwa wino wa samawati, lifungue juma hili, ulinakili kabla masika hayajaingia. Nami nafunga kwa ubeti mmoja niliouandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari jipya:

Nimechonga kwa makini
kalamu ya mkononi
ya baba niyabaini
yasende na maji tena.