Mkono Nao ni Mwalimu

Kiswahili kina kitenzi kimoja chenye kazi nyingi, nacho ni kusikia. Sauti husikiwa, lakini harufu nayo husikiwa, baridi husikiwa, hata maumivu husikiwa. Tukifika kwenye kazi ya mkono, lugha yetu haitosheki na neno moja: mtu hupapasa gizani, hutomasa embe ajue kama limeiva, hubonyeza, hufikicha, hukwaruza. Ni dhahiri kuwa walioiunda lugha hii hawakudhani kuwa sikio ndilo mlango pekee wa maarifa. Iweje basi katika madarasa mengi mwanafunzi akae mikono imekunjwa, akikariri?

Suala hili lina historia ndefu. Huko Uswisi, Pestalozzi (1746–1827) alishikilia kwamba mtoto aanze na kitu chenyewe, kisha ndipo afikie jina lake. Froebel, aliyeanzisha shule ya watoto wadogo nchini Ujerumani mwaka 1837, aliwapa mipira ya sufu na maumbo ya mbao. Mwaka 1907 Maria Montessori alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa maskini mjini Roma. Hapo watoto walifumbwa macho wakatambua vitambaa kwa vidole, na walizifuatisha kwa kidole herufi zilizokatwa kwa karatasi ya msasa.

Hata hivyo, tusidhani kuwa elimu hii ilizaliwa Ulaya. Vurra, kusini mwa mji wa Arua, mpakani na Kongo, ni nchi ya Walugbara, wakulima wa mtama, ulezi na muhogo. Msichana aliyesaga nafaka juu ya jiwe pamoja na dada zake aliujua ulaini wa unga kwa ncha za vidole. Muhogo uliolowekwa hubonyezwa ili ijulikane kama umelainika. Mfinyanzi huupima udongo kwa kiganja. Hayo yote yalifundishwa katika kundi, mkubwa akimwelekeza mdogo, bila ubao wala chaki.

Kiswahili, kwa bahati mbaya, hakikuingia huko kwa njia hiyo. Mwaka 1914 eneo la West Nile lilihamishwa kutoka Sudani likawekwa chini ya Uganda, na Arua ikafanywa makao ya utawala. Vijana wengi waliandikishwa katika jeshi la King's African Rifles, ambamo Kiswahili kilikuwa lugha ya amri. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilikitangaza kuwa lugha ya taifa, lakini wananchi wengi wa Uganda walizidi kukihusisha na bunduki. Sheria imekwisha kubadilika: mwaka 2005 katiba ilikitambua kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Lakini sheria haiwezi kuifuta kumbukumbu ya amri. Kazi hiyo ni ya mwalimu.

Na achukue kikapu, akitie vitu vya nyumbani: kigae cha chungu, jiwe, gunzi la hindi, pamba, unyoya wa kuku, kipande cha kibuyu. Akifunike kwa kitambaa, kisha awagawe wanafunzi watano watano. Mmoja atie mkono, aeleze anachogusa bila kukitaja. Wenziwe waulize na kukisia. Hapo sarufi itajifunza yenyewe. Kilugbara si lugha ya Kibantu, wala hakina ngeli kama zetu; kwa hiyo upatanisho humtatiza mwanafunzi wa Vurra. Lakini akiwa ameshika kitu chenyewe, atasema: kigae ni kigumu, jiwe ni gumu, mti ni mgumu, ngozi ni ngumu. Atagundua pia kuwa laini, neno lenye asili ya Kiarabu, halibadiliki: kitu laini, unga laini, pamba laini. Kisha ataje jina la kitu hicho kwa Kilugbara, nalo lipokewe kwa heshima.

Wahenga walinena kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Shime, walimu! Lugha iliyofika kwa amri tuirudishe mikononi mwa watoto, ili waijue kuwa ni lugha ya jiko, ya shamba na ya soko, yaani lugha yao.