Watoto 20,000 na Kosa la Huruma

Inapotolewa ripoti yoyote kuhusu shule zetu, swali la kwanza linalotoka kwenye viti vya wanahabari huwa ni hili: mlipima wanafunzi wangapi? Msemaji akijibu elfu ishirini, kalamu zinakimbia. Akijibu mia moja, watu wanaanza kutazama saa. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza swali la pili, ambalo kwangu mimi ndilo kubwa: wanafunzi hao mliwapataje? Juma hili, ndugu msikilizaji, twende hadi Uskoti ya mwaka 1930, ambako swali hilo la pili liliulizwa wakati fedha zimekwisha kutumika na maziwa yamekwisha kunywewa.

Lanarkshire ilikuwa nchi ya migodi ya makaa ya mawe na viwanda vya chuma, na miaka hiyo ilikuwa ya dhiki. Watoto wengi walikuwa dhaifu wa mwili. Wataalamu wa afya walitaka kujua kama maziwa yakitolewa shuleni yatawakuza, na tena kama yale mabichi yana nguvu kuliko yale yaliyopashwa moto kuua vijidudu. Hayo hayakuwa mabishano ya wasomi peke yao, maana jibu lingeamua fedha za umma ziende wapi.

Basi kuanzia Februari hadi Juni, kwa muda wa miezi minne, likafanywa jaribio kubwa ajabu. Walishirikishwa watoto 20,000 wa umri wa miaka 5 hadi 12, katika shule 67. Elfu tano walipewa maziwa mabichi, elfu tano wakapewa yaliyopashwa moto, kila mmoja robo tatu ya painti kila siku ya shule. Elfu kumi waliobaki hawakupewa kitu. Hao walikuwa wa kulinganishia. Wote walipimwa kimo na uzito mwanzoni, wakapimwa tena mwishoni. Gharama yake ilifika kama pauni 7,500, na pauni ya wakati huo ilikuwa pauni kweli kweli. Ripoti ikatoka mwaka huohuo ikisema kwamba maziwa yanakuza, na kwamba yale mabichi na yale yaliyopashwa moto hayakuonyesha tofauti.

Nani angethubutu kubishana na watoto elfu ishirini?

Alijitokeza mtu mmoja aliyetia sahihi kwa jina la “Student”, yaani mwanafunzi. Jina lake la kweli lilikuwa William Sealy Gosset, mwajiriwa wa kampuni ya bia ya Guinness kule Dublin tangu mwaka 1899. Kampuni haikuruhusu wafanyakazi wake kuchapisha utafiti kwa majina yao, ndiyo maana akajificha nyuma ya jina hilo la unyenyekevu. Kazi yake kiwandani ilihusu shayiri na hops, na majaribio ya namna hiyo hayakupi vipimo elfu. Hukupa vinne, vitano, labda kumi. Je, vipimo vinne vinaweza kukuambia neno la kuaminika? Ili kulijibu swali hilo, alichukua vipimo vya kimo na vya kidole cha kati cha mkono wa kushoto vya wahalifu 3,000, akaviandika kwenye vipande vya karatasi ngumu, akavichanganya kama mchezaji karata, kisha akavigawa vinne vinne hadi akapata mafungu 750. Aliyoyapata yalichapishwa mwaka 1908, na hadi leo mwanafunzi yeyote wa saikolojia au ualimu anayefanya utafiti hukutana na kanuni yake ya “t”, kwa kawaida usiku wa kuamkia mtihani.

Mtu huyu aliyejifunza kuheshimu vipimo vinne ndiye aliyeitazama ripoti ya Lanarkshire, na mwaka 1931 akaandika alichokiona. Akaonyesha kwamba hata kabla ya tone la kwanza la maziwa kunywewa, wale watoto wa kulinganishia walikuwa tayari wamewazidi wenzao. Kwa uzito waliwazidi kwa kiasi cha ukuaji wa kama miezi 3, na kwa kimo kama miezi 4. Katika kundi dogo tungesema ni bahati tu. Katika watoto elfu kumi upande huu na elfu kumi upande ule, bahati haina nguvu hiyo. Mkono wa mtu ulikuwa umepita hapo.

Mkono wenyewe ulikuwa wa mwalimu mkuu. Utaratibu ulisema watoto wachaguliwe kwa kura au kwa kufuata alfabeti ya majina. Mpaka hapo sawa. Lakini kikaongezwa kifungu kimoja: kundi likionekana lina watoto wengi mno walioshiba, au wengi mno wenye njaa, mwalimu aruhusiwe kubadilisha baadhi yao ili mambo yawe sawa. Sasa jiweke katika nafasi ya mwalimu huyo. Mbele yako yuko mtoto wa mchimba migodi asiye na kazi, uso umesawijika. Kando yake yuko mtoto wa mwenye duka. Kura imempa maziwa yule wa pili. Una ruhusa ya kubadilisha. Utafanyaje? Gosset aliona kwamba walimu, pengine bila wao wenyewe kujua, waliivuta mizani upande wa wahitaji. Mimi siwalaumu walimu wale. Anayestahili lawama ni aliyewapa ruhusa hiyo, kisha akaleta hesabu kama kwamba kura ndiyo iliyoamua.

Kuna jambo jingine dogo ambalo Gosset alilitaja, nami nalipenda kuliko yote kwa sababu mama yeyote angeliona upesi kuliko profesa. Watoto walipimwa wakiwa wamevaa nguo. Februari kule ni baridi kali. Juni ni kiangazi. Mtoto wa mwenye nacho alipanda mizani mara ya kwanza akiwa na sweta na nguo nzito, mara ya pili akiwa amezivua. Mtoto wa maskini huenda alivaa nguo ileile mara zote mbili. Kwa hiyo mtoto wa mwenye nacho alionekana kuongezeka uzito kidogo kuliko alivyoongezeka kwa kweli, na kwa kuwa wa namna yake walikuwa wengi zaidi kwenye kundi lisilopewa kitu, maziwa yakapata sifa ambayo sehemu yake ilikuwa ya sweta.

Hapo ndipo wingi unaposhindwa kusaidia. Ukiongeza watoto, yale makosa ya bahati yanapungua, maana mmoja akizidi mwingine hupunguka. Lakini kosa la upendeleo linaelekea upande mmoja tu. Ongeza watoto 20,000 wengine waliochaguliwa vivyo hivyo, nalo litabaki pale pale, ila sasa utaliamini zaidi. Na kuhusu yale maziwa ya aina mbili, hakuna shule hata moja iliyopewa yote mawili, kwa hiyo aliyeyalinganisha alikuwa akilinganisha shule na shule, kijiji na kijiji. Gosset alipendekeza kwamba jozi 50 za mapacha wanaofanana, pacha mmoja apewe maziwa haya na mwenzake yale, zingetoa jibu la kutegemewa zaidi kwa sehemu ndogo sana ya gharama ile. Watoto mia moja dhidi ya elfu ishirini!

Siasa haikungoja mapacha. Uingereza ilianza mpango wa maziwa ya bei nafuu shuleni mwaka 1934, na mwaka 1946 yakawa ya bure. Nasi tuliosoma Kenya tunayakumbuka maziwa ya Nyayo yaliyoanza mwaka 1979. Yalikuwa matamu, na hilo sihitaji takwimu kulithibitisha.

Ila swali la Gosset lilitufikia hapa kwetu miaka ya 1990, safari hii kwa vitabu na chati. Huko Busia na Teso, magharibi mwa Kenya, shirika moja la Kiholanzi lilikuwa likisaidia shule za msingi, na wachumi Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin wakapima matokeo. Ukizilinganisha shule zilizokuwa tayari na chati za ukutani na zile zisizokuwa nazo, zenye chati zilifanya vizuri zaidi katika mitihani. Wengi wangefunga daftari hapo. Lakini shule iliyonunua chati ni shule ya namna gani? Mara nyingi ni yenye wazazi wanaochanga na mwalimu mkuu anayefuatilia. Basi zikachukuliwa shule 178, nusu yake zikapewa chati kwa utaratibu usiotazama shule ina nini wala inamjua nani. Alama za mtihani hazikutofautiana. Sifa ya chati ilikuwa sifa ya wazazi.

Vitabu vilileta mshangao mkubwa zaidi. Shule 100 ziliingizwa katika mpango, 25 kati yake zikapewa vitabu vya kiada kwanza, mwaka 1996. Hesabu iliyozingatiwa, angalia, ni ya shule, si ya maelfu ya watoto waliokaa ndani yake. Watoto 200 wenye mwalimu mmoja na paa moja linalovuja hawawezi kuhesabiwa kama ushahidi wa watu 200 tofauti. Matokeo ni kwamba wastani wa alama haukupanda. Walionufaika ni wale waliokuwa wakifanya vizuri tangu awali. Watafiti wakaeleza sababu ambayo mwalimu yeyote wa kijijini angeitaja: vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, na kwa wengi wa watoto wale Kiingereza ni lugha ya tatu, baada ya lugha ya nyumbani na Kiswahili.

Kremer, aliyewahi kufundisha Kakamega akiwa kijana, alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 kwa majaribio ya namna hiyo. Miaka 16 kabla ya hapo, mwaka 2003, elimu ya msingi ilipofanywa bila malipo, Serikali ya Kenya ilitenga shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka, na 650 kati ya hizo zilikuwa za vitabu na vifaa vya kufundishia. Vitabu vilinunuliwa kwa wingi. Ukiondoa vile vya somo la Kiswahili, karibu vyote vilikuwa vya Kiingereza.